Chumvi ya Wifi

Jumatatu, 3 Machi

Ameniuza! Mchana kweupe, macho makavu, mbele ya bosi. Wifi yangu! Mtu anayelala chumba cha pili, anayekula kwenye sahani zangu, anayeoga kwa sabuni yangu. Kazi yenyewe mimi ndiye niliyemtafutia.

Ngoja nitulie niandike vizuri. 

Kiwandani kwetu unga wa mikate unakandwa mara mbili. Kwanza unga, maji na hamira tu, halafu unaachwa kwenye pipa uumuke. Mara ya pili ndipo inatiwa chumvi. Sasa pipa moja linapita mikono mitatu, minne, na zamani watu walikuwa wanatia chumvi mara mbili au wanasahau kabisa. Ndiyo tukawa na alama yetu: ukishatia chumvi, unageuza kifuniko juu chini. Kimegeuzwa, chumvi imo, kanda. Hakijageuzwa, bado. Miaka tisa nimekanda pale na alama hiyo haijawahi kunidanganya.

Alhamisi iliyopita wifi akageuza kifuniko kwanza. Kabla hajatia chumvi simu ikamtetemekea — ile anayoificha kwenye soksi, na simu ni marufuku mle ndani — akatoka mbio chooni kuipokea. Aliporudi kasahau. Mimi nikaona kifuniko kimegeuzwa, nikakanda, nikapeleka. Mikate mia sita ikaenda hospitali na shuleni, haina ladha yoyote. Imerudishwa yote.

Usiku ule ule alikuja kukaa hapa hapa kitandani kwangu akilia. Wifi nisamehe, nilisahau, simu ilinichanganya. Nikambembeleza! Nikamwambia wala usijali, tutaingia ofisini pamoja, tutasema ni bahati mbaya, yataisha. Mjinga mimi.

Leo tumeingia ofisini pamoja. Msimamizi — tunamwita Kalamu, kwa sababu ya ile kalamu isiyotoka nyuma ya sikio — akauliza nani aligeuza kifuniko. Wifi akainamisha kichwa kama bikira. Akasema: ni mimi, lakini wifi ndiye aliyeniambia nigeuze, alisema chumvi ameshatia yeye.

 Nikasema huyu anadanganya, muulize simu yake iko wapi. Kalamu akasema yeye hana ushahidi wa simu, ana ushahidi wa mikate. Na kwamba wifi ni mgeni, yuko kwenye majaribio, mimi ndiye mzoefu, mimi ndiye ningepaswa kujua.

Mtu mmoja tu alinitetea, Mama Pacha, tunayekanda naye. Hata hakuitwa. Alisimama mlangoni, aproni imejaa unga, akamwambia Kalamu: huyu nimefanya naye kazi miaka yote, akigeuza kifuniko mimi sina haja hata ya kuonja. Kalamu akamwambia, mama, rudi kazini.

Hukumu: nichague. Ama niendelee kukanda lakini zamu ya usiku, saa nne mpaka saa kumi na mbili asubuhi, miezi sita. Ama nibaki mchana, lakini kwenye kuosha trei. Jibu Ijumaa. Na kosa la pili ni nyumbani moja kwa moja.

Na pipa langu la asubuhi anapewa nani? Yeye! Huyo huyo!

Tumerudi nyumbani njia moja. Sikumsemesha. Yeye akanunua nyanya njiani, akauliza, wifi, leo tupike nini?

Atanitambua.

Jumanne, 4 Machi

Nimeamka na hasira ile ile, haijapungua hata kidogo. Safi. Nilikuwa naogopa itapoa.

Kinanda kaniuliza kwa nini siongei na shangazi. Kinanda ni binti yangu, miaka sita, tulimpa jina hilo kwa sababu hanyamazi mpaka usingizi umkate maneno katikati. Nikamwambia mama anaumwa jino. Akaenda kumwambia shangazi yake mama anaumwa jino, shangazi akaniletea karafuu.

Nimezitupa.

Jumatano, 5 Machi

Baba Kinanda kapiga simu. Yuko njiani na lori, wiki ya tatu sasa, kichwa kimejaa matairi. Nikamwambia yote, dadako kanifanyia hivi na hivi.   

Akasema: yule bado mtoto.

Mtoto ana miaka ishirini na saba! Mtoto ana kucha ndefu kama za kwenye tangazo! Nikamwambia mtoto wako ni huyu aliyelala hapa pembeni yangu, na nikienda zamu ya usiku atalala na nani? Wewe uko barabarani.

Akasema, si atalala na shangazi yake?

Hapo ndipo nilipoona shimo lenyewe. Kabla ya hapo nilikuwa natukana tu, sijapiga hesabu. Nikienda usiku, mwanangu analala na yule aliyeniuza. Yeye ndiye atakayemfunika shuka, ndiye atakayeamka mtoto akiita mama. Nikibaki mchana, mwanangu nalala naye mwenyewe, lakini mchana kutwa naosha trei, na trei zenyewe anazileta nani? Wifi, na aproni nyeupe. Wifi, hizi bado zina mafuta. Wifi, rudia hizi.

Bora kufa. Hapana, si bora kufa, nina mtoto. Lakini karibu.

Nimemwambia baba Kinanda mama yake asinipigie kunituliza, sitapokea. Dakika kumi baadaye mama mkwe anapiga. Sikupokea. Akamtumia Kinanda salamu kupitia simu ya wifi. Ukoo mzima uko upande mmoja!

Alhamisi, 6 Machi

Leo Kalamu katangaza sheria mpya. Kaleta daftari jipya, jalada la bluu, kalifunga kwa kamba kwenye nguzo karibu na mashine ya kukandia. Kuanzia sasa anayepokea pipa ndiye mwenye jukumu. Ataonja kipande cha unga, atatia sahihi: nimeonja, chumvi ipo. Mikate ikitoka bila chumvi, haulizwi aliyegeuza kifuniko. Anaulizwa aliyetia sahihi.

Watu wakalalamika, nani anataka kula unga mbichi asubuhi yote. Kalamu akasema hamuulizwi mnataka nini.

Nilikuwa namwangalia wifi. Kipande chake akakikata, akakipeleka mdomoni, akageuka kama anakohoa — akakitupa kwenye ndoo ya mabaki. Hakuonja! Unga mbichi unamtia kichefuchefu, namjua, hata nyumbani nikikanda unga anatoka jikoni. Halafu huyo, kakamata kalamu: nimeonja, chumvi ipo. Na mapambo chini ya sahihi.

Kichwani kwangu pakawa kimya kabisa.

Zamu ya usiku ndiyo inayoacha mapipa mawili ya kwanza tayari, yametiwa chumvi, ili asubuhi waanze mara moja. Pipa la kwanza la asubuhi ni la wifi. Anayeliacha tayari ni mtu wa usiku. Mtu wa usiku akigeuza kifuniko bila kutia chumvi... na mpokeaji ni mtu asiyeonja, na sahihi yake imo kitabuni...

Hata sihitaji kusema uongo! Yeye mwenyewe atakuwa amesaini.

Nimecheka peke yangu chooni. Mama Pacha akagonga mlango akauliza niko salama.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwambia Kalamu nachukua usiku. Akashangaa, akatoa kalamu sikioni akairudisha. Akasema alidhani nitachagua trei, kwa sababu nina mtoto mdogo. Nikasema napenda kukanda, bosi. Akasema, ndiyo moyo tunaoutaka hapa.

Moyo gani! Laiti angejua.

Nimeandika tarehe kichwani. Sitafanya wiki ya kwanza, wataelewa. Wacha nizoeleke kwanza, wanisahau. Wiki ya pili.

Mama Pacha kasikitika. Kasema nitazeeka upesi, usiku unakula uso. Akaniuliza mtoto je. Nikasema shangazi yake yupo. Akaniangalia. Akasema, yule yule? Nikasema yule yule. Akasema, wewe una roho nzuri, mwenzangu, mimi nisingeweza.

Sikujua niangalie wapi.

Jumapili, 9 Machi

Kesho naanza. Nimelala mchana kujizoesha, sikupata usingizi, nilihesabu madoa ya dari. Kumi na manne.

Nimempa wifi maagizo, maneno ya kwanza tangu Jumatatu. Kinanda anakunywa maji kabla ya kulala lakini si mengi. Analala upande wa ukutani. Akikohoa kikohozi kile kikavu mpandishe mto. Usimwache na simu. Wifi alikuwa anaitikia ndiyo wifi, ndiyo wifi, halafu akatoa karatasi akaanza kuandika. Kuandika! Nikamwambia siku nyingine ukiambiwa kitu kazini andika pia.

 Machozi yakamlengalenga. Nikajisikia vizuri mpaka nilipoingia chumbani, halafu nikajisikia vibaya, halafu nikakumbuka ile sura ofisini, nikajisikia vizuri tena.

Jumanne, 11 Machi

Usiku wa kwanza umepita. Miguu imevimba. Tuko wanne tu: mimi, wanaume wawili wa tanuri ambao hawaongei, na mlinzi anayeongea kwa niaba yao. Mashine ina sauti nyingine usiku, kama inalalamika. Saa nane nilikuwa nimesimama na macho wazi, silali, siko macho.

Nimetia chumvi mapipa yote mawili, sawasawa, kwa mizani. Nimegeuza vifuniko. Wifi kapokea saa kumi na mbili. Kipande mdomoni, kikohozi, ndoo ya mabaki, sahihi. Sawa kabisa. Endelea hivyo hivyo, mpenzi.

Nilipofika nyumbani Kinanda alikuwa kwa mama mwenye nyumba, shangazi yake anakomwacha alfajiri, amevaa sare ya shule, nywele zimesukwa. Zimesukwa vizuri kuliko ninavyosuka mimi. Nimezifumua jioni nikazisuka upya, kalia.

Alhamisi, 13 Machi

Silali. Jirani anagonga misumari. Jirani huyo naye zamu yake itafika.

Jumamosi, 15 Machi

Kinanda: mama, shangazi anajua hadithi ya sungura mwenye duka. Mama, shangazi akilala anakoroma kidogo lakini ukimgusa pua anaacha. Mama, leo utalala na sisi au utaenda kwenye mikate?

Na sisi. Ati na sisi!

Nikamwambia Jumapili nitakuwa na wewe. Akasema sawa, na shangazi atalala wapi sasa, maana shangazi amezoea kwetu.

Amechukua pipa langu. Amechukua kitanda changu. Kilichobaki ni viatu. Na nikimwangalia akifagia ukumbini, anaimba, hana habari. Hana hata ile aibu ya mtu aliyefanya ubaya. Hiyo ndiyo inayonichoma kuliko yote! Angenikwepa ningeelewa. Angeniomba msamaha hata kwa kunong'ona, labda ningelegea. Yeye kasahau. Yamekwisha kwake. Alinikata, akafuta kisu, akakirudisha jikoni.

Basi na mimi nitafuta changu.

Jumatatu, 17 Machi

Nimeamua: Alhamisi. Alhamisi pipa la kwanza ni la hospitali na shule, kama lile lile lililoniponza mimi. Bila chumvi, kifuniko kimegeuzwa. Atapokea, atajifanya anakohoa, atasaini. Yuko kwenye majaribio, hatapata hata onyo. Atatoka na mfuko wake wa plastiki, na mimi nitakuwa nimesimama pale getini. Sitasema neno. Nitamwangalia tu vile alivyoinamisha kichwa.

Halafu arudi kwao. Mama mkwe ampokee mtoto wake.

Na Kinanda? Nimewaza hilo pia, mimi si mjinga. Wifi akiondoka, zamu ya usiku sitaiweza, nitaomba trei. Nitaosha trei. Nitaosha trei nikiimba! Atakuwa hayupo wa kuniletea.

Sauti inaniambia kwamba wagonjwa hawana kosa. Mikate isiyo na chumvi haijaua mtu, itarudishwa, wataletewa mingine. Nimejijibu hivyo mara tatu.

Jumatano, 19 Machi

Leo mchana wifi kaniletea chai chumbani, polepole, kwa ncha za vidole, asiniamshe. Nilikuwa macho. Nikajifanya nimelala. Akaiweka chini, akafunika kwa kisahani, akavuta pazia ili jua lisinipige usoni. Akakaa kidogo ukingoni mwa kitanda. Nilimsikia anavuta pumzi kama mtu anayetaka kusema kitu. Nikasubiri.

Sema. Sema sasa hivi, nami nitafumbua macho.

Akaondoka.

Chai imepoa, sijainywa. Kinanda kaonekana mchovu leo, hakuongea sana. Kasema kichwa. Nimempa maji na nimemlaza mapema. Saa tatu natoka. Leo usiku ndiyo leo.

Alhamisi, 20 Machi

Saa nne na nusu asubuhi. Nitaandika kila kitu kilivyokwenda, hata kama sitaki.

Nilifanya. Saa kumi na moja na robo, wanaume wa tanuri wakiwa nje wanavuta sigara, nilipima chumvi ya pipa la kwanza, nikaimimina chini ya sinki, nikafungulia maji. Nikageuza kifuniko. Mkono haukutetemeka hata kidogo, na hilo limenishangaza. La pili nilitia vizuri. Niliandika kwenye daftari la usiku: mapipa mawili.

Halafu sikungoja. Siku zote nangoja mpokeaji, ni desturi, mnakutana kwenye pipa, mnasalimiana, unamwonyesha. Leo nilishindwa. Niliogopa nikimwona atasoma usoni kwangu. Saa kumi na mbili kasoro tano nilitoka mlango wa nyuma wa trei, nikaruka dimbwi, nikaja zangu. Njiani nilikuwa mwepesi, hata simu sikuitazama! Nilinunua maandazi. Nilimsalimia hata yule jirani wa misumari.

Nafungua mlango, wifi yupo.

Amekaa sakafuni kando ya kitanda, nguo za jana, nywele timutimu. Kinanda kalala mapajani mwake, kitambaa cha maji kwenye paji la uso. Beseni. Kijiko. Dawa ya maji ya homa.

Nikauliza, wewe kwa nini hauko kazini? Sauti ilitoka vibaya, kama namfukuza.

Akasema: mtoto alianza kuchemka saa sita, wifi. Nilikupigia mara nne. Simu yako si unaiacha kabatini kazini? Nikaona siwezi kumwacha na homa hii. Nikampigia Mama Pacha aniingilie, yeye leo alikuwa wa kuingia baadaye. Akasema sawa, muuguze mtoto, mimi nitapokea pipa analoacha wifi yako.

Nilikaa chini. Maandazi yalinidondoka, moja likaingia chini ya kabati.

Mama Pacha. Yule ambaye kifuniko nilichogeuza mimi haonji. Alisema mbele ya ofisi nzima!

Ilikuwa saa moja kasoro dakika kumi. Mikate inaingia tanurini saa mbili kasoro robo. Nilikuwa na muda. Hilo naliandika wazi kwa sababu nikiliacha leo kesho nitajidanganya. Nilikuwa na karibu saa nzima. Simu ilikuwa mkononi. Ningesema nini? Mama Pacha, onja lile pipa? Angeniuliza kwa nini. Ningesema nimesahau — basi kosa la pili, nyumbani moja kwa moja. Nikaandika meseji: mwenzangu leo onja. Nikaifuta. Nikaandika: hivi nilitia chumvi kweli? usingizi umenizidi. Nikaifuta. Nikajiambia sheria ni sheria, kuna daftari, ataonja. Nikamshika Kinanda shavu, lilikuwa moto. Nikajiambia mtoto kwanza. Nilijificha nyuma ya homa ya mwanangu mwenyewe.

Saa mbili ikapita. Wifi akalala pale pale sakafuni, mdomo wazi, kitambaa bado mkononi. Kinanda akamgusa pua.

Saa nne kasoro, Mama Pacha kanipigia. Sauti ya chini, yuko chooni kule, nasikia maji.

Kasema: mwenzangu, pipa la kwanza halikuwa na chumvi. Usishtuke. Usiku unakula kichwa, nilikuambia. Nimewaambia nilikuta kifuniko hakijageuzwa, nikakigeuza mimi, nikasahau kutia. Wewe ukiulizwa useme lilichelewa kuumuka, uliacha halijatiwa, basi.

Nikasema, kwa nini umesema hivyo?

Akasema: kwa sababu lako lingekuwa la pili. Mimi sijawahi kukosea, watanionya tu. Mtoto anaendeleaje?

Nikasema anaendelea vizuri.  Nikasema asante! Mungu wangu, nilimwambia asante.

Hawakumwonya tu. Kalamu kampigia wifi sasa hivi, kwenye simu yake, wifi kaamka akajikung'uta kama bosi anamwona. Ndiyo bosi. Pole, ndiyo. Ndiyo bosi, naweza. Asante sana bosi. Akaweka simu, akanigeukia, macho yamemtoka. Wifi, Mama Pacha kashushwa, kuanzia Jumatatu yuko kwenye trei. Kosa la hospitali mara mbili mwezi mmoja, mkubwa wa kiwanda kasema lazima mtu aonekane ameadhibiwa. Na mapipa yote ya asubuhi nimepewa mimi. Majaribio yamekwisha. Nimethibitishwa!

Halafu akaona uso wangu. Akasema, masikini Mama Pacha, najua ni rafiki yako. Lakini na yeye jamani, si angeonja.

Si angeonja! Yeye kasema hivyo! Nilitaka kumrukia. Nilitaka kumwambia wewe, wewe uliyekuwa unatema kwenye ndoo, lilikuwa pipa lako, lilikuwa lako! Neno lilifika mpaka kwenye meno. Lakini kulisema hilo ni kusema lile jingine.

 Niliinamisha kichwa.

Sasa yuko jikoni anamchemshia Kinanda uji, anaimba polepole kwa sababu mtoto kalala. Homa imeshuka, nimempima mara mbili. Namchukia bado. Nataka hilo lieleweke, sijamsamehe hata punje. Ila Mama Pacha ana mikono ya kukanda, haina ngozi ya sabuni kali ya trei, itapasuka wiki ya kwanza tu. Na alikuwa chooni ananong'ona ili kunilinda.

Namba ya Kalamu iko mbele yangu. Nikisema, mimi niko nje, wifi anabaki kiwandani. Anabaki na mapipa yote, hapa nyumbani anakuwa yeye ndiye mwenye kazi, na mimi nitakuwa namwomba nauli. Nisiposema, Jumanne saa kumi na mbili asubuhi nitamkabidhi wifi pipa, na kwenye sinki pembeni atakuwa Mama Pacha, atanipungia mkono.

Nimebonyeza. Inaita.

Inaita tu. Labda yuko kwa mkubwa. Nimekata. Nimebonyeza tena.

Wifi kachungulia mlangoni na mwiko mkononi, anauliza nampigia nani asubuhi yote hii badala ya kulala. Nimemwambia, Kalamu, na safari hii sikati.